Hurricane 39 za Vaenga, 1941: msaada wa kweli au siasa?

Mleta mada: Wakuu, Septemba 1941 Uingereza ilipeleka kikosi cha anga cha 151, yaani skwadroni za 81 na 134, chenye ndege za kivita za Hurricane, kwenye uwanja wa Vaenga karibu na Murmansk, kuwasaidia Wasovieti dhidi ya Wajerumani. Ndege 24 ziliruka kutoka meli ya kubebea ndege ya Argus, nyingine 15 zilishushwa Arkhangelsk zikiwa kwenye makasha. Mwisho wa yote walidai kuangusha ndege 15 za adui. Kwenye vita iliyomeza maelfu ya ndege, 15 ni kitu gani? Ndege hizo zilihitajika Malaya, ambako Desemba ya mwaka huohuo marubani waliwakabili Wajapani kwa Buffalo, ndege duni zaidi. Hata zile nishani nne za Lenin walizotunukiwa na Wasovieti kwangu ni siasa.

Mchangiaji 1: Mkuu, kipimo chako sicho. Walitumwa pia kuwafundisha Wasovieti kuirusha na kuihudumia Hurricane, kisha wawaachie. Oktoba ndege zilikabidhiwa, kikaundwa kikosi cha 78 cha anga cha Meli za Kaskazini chini ya rubani Msovieti Boris Safonov. Baada ya hapo zilipelekwa karibu Hurricane 3,000. Bila fundi anayeijua Merlin, injini ya Hurricane, ndege ndani ya kasha ni mzigo tu. Yale makasha 15 yalifunguliwa na ndege zikaungwa kwa siku 9.

Mchangiaji 2: Nakubali, lakini tusiipambe ndege yenyewe. Bunduki 12 za milimita 7.7 zinatapanya risasi nyingi ila hazipenyi vizuri bamba la chuma. Ndiyo maana Wasovieti walizing'oa kwenye ndege nyingi, wakafunga mizinga ya ShVAK ya milimita 20. Na Merlin ile ilitengenezewa petroli ya oktani 100. Ya pale ilikuwa chini ya hapo, injini zikawa zinakata.

Mchangiaji 3: Mafundi ndio husahaulika. Vaenga mvua ikinyesha ni tope. Hurricane ina uzito mwingi puani, kwa hiyo rubani akiongeza nguvu magurudumu yakiwa yamezama, mkia unanyanyuka na propela inachimba ardhi. Dawa ilikuwa mafundi wawili kuulalia mkia hadi ndege ifike mwanzo wa njia, kisha waruke chini. Tarehe 27 Septemba rubani mmoja wa skwadroni ya 134, akiwahi kuruka kwa dharura, alipaa nao wakiwa bado mkiani. Ndege ilipanda wima, ikapoteza mwendo, ikaanguka. Wote wawili walikufa. Rubani aliumia vibaya. Kikosi kizima kilipoteza rubani mmoja tu vitani. Hesabu ya ndege zilizoanguka haikuonyeshi hao wawili.

Mleta mada: Hilo la mafundi nalipokea. La Malaya bado.

Mchangiaji 1: Januari 1942 Singapore, ngome ya Waingereza kusini mwa Malaya, ilipokea Hurricane 51 na marubani 24. Ziliungwa haraka, zikapigana, na tarehe 15 Februari mji ukasalimu amri. Pale onyo la mashambulizi lilichelewa na viwanja vilikuwa vinapigwa mabomu kila siku. Ndege 39 zaidi zingechomewa chini. Vaenga zilipata kazi: zilisindikiza ndege za mabomu za Kisovieti za Pe-2, na hakuna hata moja waliyoisindikiza iliyoangushwa na ndege za kivita za Wajerumani.