Deadfire: rogi wangu wa bunduki anauawa kabla hajajaza risasi ya pili, nimekosea wapi?

kibarua_wa_baruti
Wakuu habari za jioni. Nipo kwenye Pillars of Eternity II: Deadfire, najua ni gemu ya 2018 msinicheke, laptop yangu ndo inapoishia hapo na niliikuta kwenye ofa. Sasa mimi toka zamani gemu za namna hii nachukua mwizi wa visu viwili, kila siku visu viwili, safari hii nikasema hapana, nataka rogi (ile klasi ya mwizi mviziaji) wa bunduki, mtu wa kuvizia kwenye giza unasikia tu PAA mtu yuko chini na hajui imetoka wapi. Nikamtengeneza rogi mtupu, tawi (aina ndogo ndani ya klasi) sikuchagua, bastola mkono mmoja na upanga mkono mwingine maana kwenye picha alipendeza kishenzi. Might (nguvu) nimejaza 18, Perception (wepesi wa kuona) nimeacha 10 nilidhani ni ya kuona mitego tu.

Matokeo: risasi ya kwanza tamu, baada ya hapo ni aibu. Nusu ya risasi zinaenda baharini. Akija mwenye deraya nzito namtoboa kama namtekenya. Na ile kujaza risasi ndo usiseme, jamaa anashindilia baruti utafikiri babu na gobore lake huku wenzake wanakufa. Niko levo ya 7, kuanza upya sitaki kabisa. Nisaidieni.

msee_wa_sevu
Buda, Perception ndio aim yako hiyo, ukiiacha 10 unafyatua ukiwa umefunga macho. Kila pointi ni +1 ya shabaha. Might inaongeza dameji 3% kwa pointi lakini risasi ikikosa, 3% ya nini sasa?

Bildi yenye iko juu kwa rogi wa bunduki ni moja tu manze. Unachukua tawi la Streetfighter, unashika blanderbasi mbili, moja kila mkono. Blanderbasi ni ile gobore ya mdomo mpana kama tarumbeta, inatema punje kadhaa kwa mpigo na kila punje inabeba Sneak Attack yake, ile dameji ya ziada ya rogi. Sasa utamu uko hapa, Streetfighter akizungukwa na maadui muda wake wa kupumzika kati ya mapigo unakatwa nusu, na blanderbasi iko na swichi inaitwa Powder Burns yenye inakulipukia moshi usoni wewe mwenyewe mpaka gemu inakuhesabu kama umezungukwa, hata kama umesimama pekee yako. Yaani unajichoma ndio uwe mbio. Mimi nilimaliza nayo hardi yote, adui hawafiki kwangu.

Nahodha Mchovu
Hapo juu kaongea ukweli ila mleta mada kasema hana tawi, na wenye vyumba vya kulala wageni ukiwalipa wanakubadilishia uwezo uliochagua, klasi na tawi havibadiliki. So Streetfighter asahau, labda aanze moja.

Niongelee hilo la deraya. Gemu hii inalinganisha nguvu ya kupenya ya silaha yako na ugumu wa vazi la adui. Ukipungukiwa pointi moja unabaki na 75% ya dameji, mbili ni 50%, tatu na kuendelea unaambulia robo. Ndo maana unaona unatekenya. Blanderbasi nayo kwenye vyuma inaumbuka, kwa sababu kila punje inapimwa peke yake na kila punje inapungukiwa peke yake. Na kumbuka bunduki zote za humu zinachoma, hakuna inayokata wala kuponda, kwa hiyo seti ya pili ya silaha weka rungu au nyundo, ukikutana na kitu kisichosikia kuchomwa usibaki unashangaa.

Halafu bastola na upanga pamoja kaka yangu... upanga unakulazimisha usogee kwa watu, na rogi akisogea kwa watu bila mpango anakufa. Kupendeza kwenye picha ni jambo jingine.

kibarua_wa_baruti
Asanteni sana. Kwa hiyo kama bastola naachana na upanga niweke bastola mbili? Maana nilisoma bastola ina swichi ya Rushed Reload ya kujaza haraka kwa kupoteza shabaha. Nilijaribu sikuona tofauti ya maana, bado mpaka zamu yangu ifike maadui wote washacheza, mimi ndo namalizia mzunguko kama kawaida.

Nahodha Mchovu
Ngoja ngoja ngoja. Zamu?

msee_wa_sevu
😂😂😂 Zamu tena

kibarua_wa_baruti
Ndio, zamu, kwani nyie hamna? Mwanzo iliniuliza nataka ipi nikachagua ya zamu, mi nimekulia kwenye draft na bao, ile ya kila mtu kukimbia kwa wakati mmoja inanichanganya kichwa.

Mama Sufuria
Ndo shida ya kujibu watu kabla ya kuwauliza. Mtindo wa zamu uliongezwa Januari 2019, gemu ishatoka miezi kadhaa, na hesabu yote ya silaha waliitengeneza kwa ajili ya mtindo wa kukimbia. Kule kwenye kukimbia bunduki nzito ina adhabu ya kweli, wewe unafyatua mara moja mwenye kisu kachoma mara tatu. Kwenye zamu mwenye kisu anapata pigo lake moja kwa mzunguko na wewe unapata lako moja kwa mzunguko. Uzito wa bunduki unachofanya ni kukurudisha nyuma kwenye foleni. Basi. Hupotezi risasi hata moja.

Sasa kama ni hivyo kwa nini ushike bastola? Chukua bunduki kubwa kuliko zote, arkebasi, ile ndefu ya mikono miwili, inapenya vizuri na inaumiza, na ule uvivu wake wa kujaza ambao wenzio wanaukimbia kwako ni kama haupo. Hata Streetfighter wa huyo ndugu hapo juu, ile kasi yake kwenye zamu inakusogeza mbele ya foleni tu, haikuongezei pigo. Rushed Reload ndo hivyo hivyo, zima hiyo kitu, unajipunguzia shabaha bure.

Na hilo la kucheza mwisho unalolalamikia ndo mtaji wako. Sneak Attack ya rogi inataka adui awe kazungukwa au kapatwa na balaa fulani, kapofuka, kalemaa miguu, na kadhalika. Ukicheza wa kwanza nani kashampofusha? Waache wenzio watangulie. Edér, mwenzio wa mbele, na mwingine wa mapanga wamuweke mtu kati, Aloth mchawi wako atupe Chill Fog ule ukungu unaopofusha, zamu inakufikia wewe mtu keshaandaliwa kama kuku wa sikukuu. Unafyatua. Tena usifyatue risasi kavu, tumia Crippling Strike au Blinding Strike, zile pointi za ujanja zinazolipia mapigo hayo zinarudi kila pambano, watu wanazitunza utafikiri akiba ya ada ya mtoto. Ukipanda levo utapata Deathblows inayotaka balaa mbili kwa mtu mmoja, hapo ndo utajua ulikua hujui.

msee_wa_sevu
Sawa mum nimekubali, mimi zamu sijai gusa. Ongeza Maia Rua kwa timu basi, yule dem wa Royal Deadfire Company, naye ni wa arkebasi from day one, mkiwa wawili nyuma inakuwa firing squad. Serafen na kile kimzinga chake cha mkononi pia.

Nahodha Mchovu
Bunduki kwenye hii dunia yao hazikuwekwa urembo, wachawi wana pazia lao la kujikinga, Arcane Veil, upanga unahangaika nalo lakini risasi inapita. Kwa hiyo shabaha ya kwanza iwe mchawi siku zote. Gemu ya kwanza ya 2015 tulikua tunatembea na bunduki tatu zimeshajazwa, unafyatua hii unatupa unashika ile, mchawi hajamaliza kutamka.

kibarua_wa_baruti
Mrejesho wakuu. Nimelipa nikabadilisha uwezo, bastola nimemrithisha baharia, nimeshika arkebasi. Perception imebaki ile ile 10 ila nimetafuta vazi la kuongeza na nafyatua kwa waliopofuka tu. Jana kuna nahodha mmoja wa maharamia kanisumbua wiki nzima, Edér kamshika mbele, Aloth kampofusha, mzunguko mzima nimekaa nyuma ya pipa nimetulia, zamu ikafika nikamchapa moja. Moja! Nikapiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta.

Swali dogo tu, yule Aloth ukungu wake unampofusha na Edér pia, namzuiaje?

Mama Sufuria
Humzuii yeye, unamsogeza Edér.