Kitara cha kuigizia: kuagiza India, kufuliwa Mamba au kukata aluminiamu? Naomba uzoefu wenu

msanii_pasua
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Kikundi chetu cha maigizo hapa Moshi tunaandaa mchezo wa Mangi Meli, yule mtawala wa Wachagga wa Moshi, tunaanzia 1892 pale alipowapiga Wajerumani na ofisa wao von Bülow akafa, halafu 1893 waliporudi na jeshi kubwa, mpaka ile tarehe 2 Machi 1900 walipomnyonga kule Old Moshi. Sime na mikuki na ngao tumeshapata kwa wazee, tatizo ni vitara vya Wajerumani, zile panga ndefu zilizopinda. Nimezunguka wiki mbili nina bei tatu mkononi. Kuagiza India kimoja mpaka kifike hapa napigiwa kama laki sita na ushee, fundi wa grainda pale mjini anakata aluminiamu kwa elfu sitini, na kuna mtu kaniambia wahunzi wa Mamba kule Marangu wanafua kwa springi ya gari ila sijapata bei ya uhakika. Tunahitaji vitara 8. Vitagonganishwa kweli jukwaani, sio vya kuning'iniza ukutani, kwahiyo naomba mtu mwenye uzoefu aniambie tofauti iko wapi maana kwa macho vyote vinang'aa tu.

fundi_majengo
Mkuu kung'aa achana nako kabisa, mimi nachomelea na kunoa vyuma huu mwaka wa 16 na cha kwanza naangalia mkia, yaani kile kipande cha bapa kinachoingia ndani ya mpini. Upanga mzuri mkia unatoka kwenye bapa lenyewe, chuma kimoja, unapita ndani ya mpini mzima hadi kule nyuma na unapigwa riveti au unafungwa nati. Upanga mbaya bapa linakatwa pale kwenye mpini alafu wanachomelea kinondo chembamba kama msumari wa nchi sita, ukiushika huwezi kujua kwasababu mpini umefunika kila kitu, lakini siku mkigonganisha pale penye weldingi panakatika na bapa linaruka kwa watazamaji. Nimeshaletewa wa hivyo kutengeneza, uliruka mazoezini ukatua mita kama nne, bahati hapakuwa na mtu. Muuzaji akishindwa kukufungulia mpini au kukuonyesha picha ya ndani usitoe hela.

Cha pili ni chuma chenyewe. Stenlesi ni nzuri kwa kisu cha jikoni, ila kwa bapa la futi tatu la kugongana hapana, linakatika ghafla bila hata kupinda kwanza. Tafuta chuma cha kaboni, zile aina zinazoitwa kwa namba kama 1055 au 1060 au 5160, hiyo 5160 ndio jamii ya springi za magari, inapinda na kurudi.

ngaramtoni_kwetu
Nakubaliana na fundi na naongezea kwa sababu mimi ninacho cha India, niliagiza mwenyewe nikiwa Arusha. Ni nakala ya kile cha Waingereza cha 1796, cha wapanda farasi wepesi, alichobuni ofisa wao Le Marchant, bapa kama sentimita 83 hivi, limepinda vizuri na linapanuka kuelekea ncha. India ndiko nakala nyingi zinakotengenezwa, miji ya Dehradun na Meerut ina viwanda vinavyouza dunia nzima, ila ubora unapishana sana hata kwa kiwanda kimoja. Changu mkia ni mzuri, ala ya chuma imekaa sawa, shida ni unene. Vitara vya zamani vilikuwa vinene pale karibu na mkono, milimita 8 au 9, halafu vinapungua pole pole mpaka kwenye ncha ni 2 tu, ndio maana mpanda farasi aliweza kukizungusha kutwa nzima. Hizi nakala za bei ya chini wanachukua bamba la milimita 5 wanalikata umbo basi, unene ni ule ule mwanzo mwisho, kwahiyo uzito wote unakimbilia mbele, dakika kumi tu kiwiko kinauma. Kwenye picha za mtandaoni hilo huwezi kuliona, uliza unene wa bapa sehemu tatu, karibu na mpini, katikati na nchani, muuzaji anayejua kazi yake atakujibu kwa milimita.

Kuhusu bei usisahau usafiri, ushuru wa forodha na VAT asilimia 18 juu yake. Changu mzigo ulikaa wiki kadhaa kwa wasafirishaji, kila nikipiga simu naambiwa kesho, mwisho nikalipishwa na gharama ya kuhifadhi. Kama onesho lenu lina tarehe maalum fikiria sana hapo.

msanii_pasua
Asanteni sana, hiyo ya unene sikuwahi kuiwaza kabisa. Sasa 8 mara laki sita ni milioni 4.8, hatuna hiyo hela hata tuuze viti vya ukumbini.

mwl_njiro
Kijana wangu hongereni kwa kazi, na ngoja niwaokolee hela. Vitara 8 vya nini? Jeshi la Wajerumani lililopanda mlimani lilikuwa la miguu, askari wake walikuwa Wasudani na watu waliochukuliwa kutoka kusini huko Msumbiji, na askari hao walibeba bunduki zenye singe, vile visu vya mbele ya mtutu. Upanga ulikuwa wa ofisa, na maofisa walikuwa wachache. Kwahiyo mkiwa na vitatu vinatosha kabisa, wengine wapeni bunduki za mbao, na tafadhali msilete habari za kikosi cha farasi kwenye mteremko wa migomba.

Jingine, ofisa wa miguu wa Kijerumani miaka ile kawaida alibeba upanga ulionyooka, mwembamba, wa 1889. Lakini mkitaka kimoja kilichopinda kwa ajili ya mkubwa wao haitakuwa kosa kubwa, maana Prussia, ile dola kubwa ya Kijerumani, walikuwa na kitara cha 1811, kile kinachoitwa kwa jina la jenerali wao Blücher, ambacho walikiiga kutoka kwa hicho hicho cha 1796 cha Waingereza alichonacho ndugu wa Ngaramtoni. Maofisa wengi pia walipenda mpini wenye kichwa cha simba. Hiyo kichwa cha simba mtu wa kuchonga mbao anaweza kuwatengenezea mkapaka rangi ya shaba, jukwaani hakuna atakayejua.

binti_marangu
Kaka msanii hao wahunzi wa Mamba usiwachukulie poa, hiyo kazi wameirithi kizazi kwa kizazi, mikuki na sime za Wachagga na hata za Wamasai zilikuwa zinatoka huko huko. Mimi kwetu ni jirani nao, nimekua nasikia nyundo asubuhi. Mwaka juzi baba mdogo aliwapelekea jani la springi la Land Rover bovu, wakamfulia panga mbili, alilipa elfu themanini kila moja na chuma ni chake. Kitara ni kirefu zaidi na kina kile chuma cha kukinga vidole, nadhani watakuambia laki na nusu hivi, ukienda na springi yako bei inashuka. Halafu wenyewe wanafua kwa nyundo hawakati bamba, kwahiyo ukiwaambia kiwe kinene huku na chembamba kule wanakuelewa mara moja, sime yenyewe si ndio inavyofuliwa, upana mdogo karibu na mpini na mkubwa kuelekea ncha ili uzito uende mbele. Hicho cha 1796 mnachosema kimepanuka kuelekea ncha kina akili ile ile ya sime.

Nenda na umbo lako umelikata kwenye boksi, saizi kamili, na upindaji wake. Usiende na picha ya simu tu. Na uwasalimie wazee kwanza ukae, bei utaongea baadaye.

jukwaa_sakina
Mi natetea aluminiamu kidogo. Tumeitumia Arusha miaka mitatu, ni nyepesi, haishiki kutu, na hata ukimgonga mwenzako kwa bahati mbaya haiumizi kama chuma. Elfu sitini kwa vitatu ni laki na themanini mmemaliza. Ubaya wake mlio, ukigonganisha unasikia ko ko kama sufuria, wakati chuma kinalia kabisa ukumbi unasisimka.

fundi_majengo
Dada ubaya mwingine hujautaja. Aluminiamu ni laini, kila mkigonganisha inatoa meno meno pembeni na yale meno yanachana mkono kama msumeno. Mlikuwa mnapiga tupa kila baada ya mazoezi?

jukwaa_sakina
Ni kweli kaka, tulikuwa na kijana kazi yake ni hiyo tu, tupa na msasa kila jioni. Siku aliyougua hatukupiga na mwenzetu alichanika kiganja, nyuzi tano. Kwahiyo ukichukua aluminiamu hesabu na huyo mtu.

fundi_majengo
Basi msanii nisikilize, ukienda Mamba waambie kisinolewe kabisa. Ukingo ubaki milimita 2 au zaidi umezungushiwa, ncha iwe duara kama kidole gumba. Na waambie wakishakitosa kwenye oili wakirudishe kwenye moto mdogo, kisiachwe kigumu moja kwa moja maana springi ikiachwa hivyo inapasuka kama glasi. Mhunzi wa kweli atakuwa anajua, ila wewe sema tu.

ngaramtoni_kwetu
Na changu nawaazima kwa wiki mbili za onesho bure, kwa ajili ya yule ofisa mkubwa. Hakijanolewa. Sharti langu moja, kisigonganishwe, kining'inie kiunoni na kichomolewe kwenye ala tu, ule mlio wa ala ya chuma peke yake utawatosha.

msanii_pasua
Kaka wa Ngaramtoni Mungu akubariki, sijui niseme nini. Basi tumekaa kikundi leo tumekubaliana, vitara viwili vya Mamba vya kugonganisha, cha kaka kwa ajili ya kamanda, bunduki za mbao tano anachonga seremala wa Kiboriloni. Mwalimu nakutumia ujumbe pembeni nikuombe uje usome skripti kabla hatujaenda mbali. Jumamosi napanda Mamba na jani la springi nimelipata kwa muuza skrepa elfu kumi na tano, boksi nimeshakata sentimita 83. Dada wa Marangu, ukiwa nyumbani nipitie kwanza kwenu unisindikize kwa wazee?

binti_marangu
Nitakuwepo. Ukishuka Marangu Mtoni nipigie, na uje na sukari kilo mbili.