Tupeane uzoefu: Kikao cha mahakama kikiahirishwa kwa sababu ya tauni, siku zipi hazisimami? (Lamu na Malindi)

Faili_za_Amu
Assalaam aleikum. Uzi huu ni wa wanaoshika faili: makarani, mawakili, na wazee wa mitaa wanaowasindikiza watu kotini. Masimulizi ya "mimi yalinikuta" tuyaweke kando. Tunataka kifungu, idadi ya siku, na pahali mambo yanapokwama. Mtu akiambiwa kikao kimeahirishwa kwa ajili ya maradhi, hupanda boti akarudi Siyu au Kizingitini akijua na siku zake zimelala. Hazilali zote.

Masijala_Mkomani
Swali la kwanza: kimesimama kikao, au imefungwa ofisi? Hayo ni mawili. Kanuni za kesi za madai za Kenya za 2010, Agizo la 50, kanuni ya 3, zasema siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au siku ambayo ofisi zimefungwa, ukafanya jambo lako siku ofisi inapofunguliwa, umewahi. Lakini hakimu akiwa hasikizi kesi na dirisha la masijala liko wazi hata kwa saa mbili, kanuni hiyo haikusaidii. Ofisi haikufungwa.

Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ni siku 30, kifungu cha 79G cha sheria ya kesi za madai. Zinazotolewa kwenye hesabu ni zile ambazo mahakama imethibitisha kwa maandishi kuwa zilitumika kutayarisha nakala ya amri. Kwa hiyo barua ya kuomba nakala ipelekwe siku ileile ya hukumu, na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Bila muhuri huo, huna cha kuonyesha kwamba nakala ndiyo iliyochelewa.

Wakili_Kijiweni
Naongeza hapo. Wako wanaotegemea zile siku za 21 Desemba hadi 13 Januari ambazo Agizo la 50, kanuni ya 4, haizihesabu. Kwa rufaa ya 79G usizitegemee: muda wake umewekwa na sheria yenyewe, na kanuni ni mtoto wa sheria.

Na ukomo wa kufungua kesi haujui maradhi. Madai ya mkataba miaka 6, madhara kama ajali miaka 3, ardhi miaka 12. Aliyebakiwa na wiki moja afungue kesi leo, hata kama itasikizwa mwakani.

Malindi_Rufaa
Mfano wa karibu ni korona ya 2020. Tarehe 15 Machi Jaji Mkuu David Maraga alitangaza kupunguzwa kwa shughuli za mahakama kote nchini. Kisha tarehe 6 Aprili ikatangazwa kwamba kuanzia saa moja jioni ya tarehe 8 hakuna kuingia wala kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa. Lamu haikuwa katika orodha hiyo, lakini Malindi iko Kilifi. Mtu wa Lamu mwenye faili Malindi alikuwa huru kwao, na njia ya kotini imefungwa.

Dawa yake ni ombi la kuongezewa muda, Agizo la 50, kanuni ya 6. Ombi hilo huanguka kwa hesabu mbovu. Mwombaji amechelewa siku 40, zuio lilidumu siku 14, halafu kiapo chote kinasimulia zuio. Zile 26 nyingine zilikwenda wapi? Kila siku iwe na maelezo yake, na kila maelezo yawe na karatasi: tangazo la serikali, barua ya afisa wa afya, tarehe nakala zilipopatikana.

Faili_za_Amu
Na mahabusu je?

Seli_na_Dhamana
Hapa ndipo pa kuangalia kwa macho mawili. Katiba, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi au siku isiyo ya mahakama, basi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kuahirishwa kwa kesi ya jinai mbele ya hakimu kuna kipimo katika kifungu cha 205 cha sheria ya mwenendo wa jinai: kisizidi siku 30 kamili, na mshtakiwa akiwa rumande kisizidi 15. Siku ya kwanza ni kesho yake. Imeahirishwa tarehe 1, unaanza kuhesabu tarehe 2, ya kumi na tano ni tarehe 16.

Kwa hiyo tangazo la "mwezi mmoja" halimtoshi aliye rumande. Lazima pawe na tarehe ya katikati ya kesi kutajwa, hata kwa video, ili asivushwe kwa boti kutoka jela ya Hindi hadi kisiwani na kupakiwa pamoja na wengine. Mtandao ukikatika, karani aandike saa uliyokatika na hakimu atoe tarehe nyingine palepale. Faili isibaki bila tarehe.

Mdhamini naye ajulishwe tarehe mpya. Mshtakiwa akikosa kutokea, hati ya kumkamata hutoka na dhamana huwa hatarini, hata kama kosa lilikuwa la tangazo lisilofika.

Wakili_Kijiweni
Zuio la ardhi, yaani amri ya mahakama ya kumzuia mtu asiguse kiwanja, lisisahaulike. Lililotolewa bila upande wa pili kusikizwa ni siku 14 tu, Agizo la 40, kanuni ya 4, na huongezwa mara moja kwa siku zisizozidi 14. Kikao kikiruka, zuio linakufa kimya, na asubuhi mafundi wa jirani wako juu ya kiwanja na matofali ya matumbawe. Andikianeni makubaliano na wakili wa upande wa pili kabla ya siku ya 14, yapelekeni masijala. Akikataa, peleka ombi la dharura.

Afya_Langoni
Mawakili mmesema yenu. Mimi nauliza: tauni ya aina gani? Ya mitoki (uvimbe wa tezi) huletwa na viroboto wa panya, na kwa kawaida haimtoki mtu ikamwingia aliyekaa naye benchi moja. Ya mapafu huenda kwa matone ya kikohozi kwa walio karibu. Ya kwanza inataka jengo lisafishwe, ya pili ndiyo inayotaka ukumbi ufungwe. Kuanzia kuambukizwa hadi dalili ni siku 1 hadi 7, na ya mapafu huweza kuwahi zaidi. Shahidi aliyekaa karibu na mgonjwa huangaliwa siku 7, na hupewa dawa ya kinga kwa agizo la daktari. Kumwahirishia miezi mitatu hakuna msingi wa kitabibu.

Jengo lenyewe: msianze na panya. Panya akifa, viroboto humwacha mwili ukiwa baridi na kutafuta damu nyingine, yaani yenu. Kwanza dawa ya viroboto kwenye mashimo na njia za panya, mitego baadaye. Panya wakionekana wamekufa ovyo bila kutegwa, wasishikwe kwa mkono, afisa wa afya aitwe. Na chumba cha vielelezo! Gunia la mahindi ya wizi likikaa humo mwaka mzima ni karamu. Mwendesha mashtaka aombe amri: gunia lipigwe picha, lipimwe, liandikwe, liondolewe.

Msomaji_wa_Pate
Waingereza zamani walihamisha. Tauni ya 1625 ilipeleka mahakama za London hadi Reading, ile ya 1665 ikazipeleka Oxford.

Seli_na_Dhamana
Kuhamisha ni nafuu kwa jaji. Shahidi wa Kiunga ukimwambia kesi imehamia mji mwingine umemfukuza. Isitoshe mafundisho ya Mtume tunayajua: palipo na tauni usiingie, na ikikukuta ulipo usitoke. Mtu anayeyashika hayo hatavuka kwa samansi, na afisa wa afya atakuwa upande wake.

Masijala_Mkomani
La mwisho kwangu ni tangazo. "Mtajulishwa" si tarehe. Mdai asipotokea na mdaiwa yupo, Agizo la 12, kanuni ya 3, linaruhusu kesi kutupwa; kuirudisha ni ombi jingine chini ya kanuni ya 7, na gharama juu. Tarehe mpya ibandikwe mlangoni pa mahakama, kwenye gati ya Amu na ya Mokowe, kwa chifu, na apigiwe simu kila mwenye namba kwenye faili. Karani aandike aliyepokea na saa. Na kesi za watu wa Faza na Pate zipangwe baada ya saa tano asubuhi, kwa kuwa boti zafuata maji, hazifuati kengele ya koti.