California: kwenye kibao cha STOP unasimama sekunde ngapi?

MamaZuu
Wakuu habari zenu. Niko Sacramento, wiki ijayo nina mtihani wa kuendesha pale DMV, ofisi yao ya leseni za udereva. Dar nimeendesha miaka na miaka ila hivi vibao vya STOP vya huku vinanichanganya maana viko kila kona, shemeji yangu anasema lazima uhesabu sekunde tatu, mwingine ananiambia ukipunguza ukaona hakuna gari we pita tu. Ipi ya kweli? Na kama chini hakuna mstari nasimama wapi jamani?

fundi_wa_njia
Dada huyo wa "punguza upite" usimsikilize kabisa, atakufelisha. Sheria yao ya magari kifungu 22450 haijataja sekunde hata moja, inachotaka ni tairi ziache kuzunguka, basi. Utajua umesimama kweli ukisikia gari imeinama mbele kidogo halafu ikarudi ikatulia. Hizo tatu ni za walimu, ila hesabu tu maana zinakupa muda wa kuangalia huku na huku.

Mstari mweupe ukiwepo unasimama nyuma yake, haupo unasimama kabla ya zebra, zebra nayo haipo basi pale pale unapotaka kuingia barabara nyingine. Sasa kama kuna ua au gari limepaki linakuziba, simama KWANZA panapotakiwa ndo usogee mdogo mdogo uchungulie. Wengi wanasogea moja kwa moja mpaka mbele wanapigwa tiketi hapo.

Mtegeta
Naongezea, kwenye STOP ya njia nne, yaani kila upande wa makutano una kibao, aliyetangulia kufika ndo anaondoka, mkifika pamoja unampisha wa kulia kwako. Hata kwetu kwenye keepilefti si unampisha wa kulia, kwa hiyo hilo unalo tayari. Na umeme ukikatika taa za makutano zikazima, huku hamna kusubiri trafiki aje aongoze, kila mtu anasimama kama kuna kibao cha STOP halafu mnapishana.

MamaZuu
Asanteni sana. Na lile basi la shule la njano?

fundi_wa_njia
Likiwasha zile taa nyekundu za kuwaka na kuzima unasimama, uwe nyuma yake au mnakutana uso kwa uso, na huondoki mpaka zizime. Kama mnakutana na barabara imegawanywa katikati, au ina njia mbili na zaidi kila upande, hapo hulazimiki kusimama. Ila punguza mwendo dada yangu, mtoto akishuka anawaza nyumbani tu, haangalii gari.

Bi Rehema
Mwanangu na kukata kulia kwenye taa nyekundu ni hivyo hivyo, unasimama kabisa kwanza, unampisha anayevuka kwa miguu, na uangalie kama hakuna kibao kinachokataza. Ukipigwa tiketi ni pointi kwenye rekodi na bima nayo inapanda. Jumapili tafuta mtaa uliotulia wenye vibao vingi, zunguka na shemeji yako kiti cha pembeni awe anakuangalia kama gari inasimama kabisa.