Natuma 245 mara arobaini, patupu. Nakosea wapi?

PwezaForodhani
Asalaam alaykum, msinicheke kwanza. Mie nna kibanda cha vocha na makava ya simu Darajani, na kuna ile michezo ya bahati nasibu ya kwenye simu, unachagua tarakimu tatu unatuma na mia tano yako unasubiri droo. Sasa kuna mzee mmoja huwa tunakunywa nae kahawa jioni, kaniambia nyie vijana mnachagua namba ovyo ovyo, namba ya mtu imo ndani ya jina lake na la mamaake, inatolewa kwa abjadi, ile hesabu ya kila herufi ya Kiarabu kuwa na namba yake. Kanipigia hesabu pale pale kwenye karatasi ilofungiwa kashata. Jina langu Ali, mama Fatma (hata nikisema hapa hapana atayenijua, Ali wa Fatma Zanzibar tumejaa kama dagaa). Ali 110, Fatma 135, jumla 245. Wallahi mwili ulinisisimka, maana tarakimu tatu kamili, halafu umeme wa tukuza nlonunua asubuhi yake katikati ya zile namba ndefu mlikuwa na 245!

Kanambia nitume Alkhamisi jua linapochomoza, ndo saa ya nyota ya Mushtara, na Jumatano nisithubutu, nuhusi. Mie kwa tamaa zangu nikawa natuma kila siku, Jumatano tu ndo naacha. Nshatuma mara arobaini, elfu ishirini imekwenda. Siku moja ikatoka 254, nikakaa chini na maji nikaomba. Sasa nadhani inakaribia. Bibi nae anasema niache majina nifuate ndoto, usiku ule aliniota nabeba samaki changu wawili. Nakosea hesabu, nakosea saa, au niende Pemba nikatazamiwe?

BintiWaKonde
Hahaha kila mkitaka mambo hayo ndo Pemba mnaikumbuka, siku nyengine hamtujui. Yakhe usije, nauli ya boti utaipoteza bure. Ami yangu mie alikuwa na yake, kiganja cha kulia kikimuwasha anacheza, cha kushoto kikimuwasha anajifungia ndani hata dukani hendi kwa sababu pesa itatoka. Na namba alikuwa anachukua kwenye kibao cha gari ya mwanzo atakayoiona akitoka msikitini alfajiri. Basi Konde alfajiri gari ya mwanzo ni ile ile moja ya abiria inayowahi Chake, kila siku, miezi na miezi, ami anacheza namba ile ile na kila siku anatwambia "nimeoneshwa". Ilipoharibika gari akakaa wiki hajacheza.

MwanaChuoni_Wete
Waalaykum salaam. Ngoja nikusaidie hesabu halafu nikuharibie furaha. Mzee hajakosea. Ali ni ayn 70, lam 30, ye 10, ndo 110. Fatma ni fe 80, alifu 1, to 9, mim 40, na ile te ya mwisho ya kufunga kaihesabu kama he, 5, ndo 135. Lakini ile te ya mwisho ndo penye ugomvi bwana, wengi wanaihesabu 5 ila wapo wanaosema ni te kamili kwa hivyo 400. Ukifuata hao mamaako anakuwa 530 na wewe namba yako inaruka inakuwa 640. Na wanajimu wakitaka nyota yako wanagawa jumla kwa 12 wanatazama kinachobaki: 245 inabaki 5, wewe Simba. 640 inabaki 4, wewe Kaa. Sasa wewe uliyezaliwa mara moja na mama mmoja ni Simba au Kaa? Hapo chagua mwenyewe.

Abjadi ni hesabu ya herufi tu, zamani washairi walikuwa wanaficha mwaka ndani ya ubeti kwa herufi hizi, na hadi leo watu wanaandika 786 mahala pa Bismillahi. Kuifanyia kamari ni jambo jengine. Na kama unataka aya, fungua Al-Maida aya ya 90, kamari na ile mishale ya kupigia ramli vimetajwa pamoja kwenye aya moja. Wewe ndugu yangu umevichanganya vyote viwili kwa mia tano.

MtuWaKibaridi
Nipo Uingereza mwaka wa ishirini huu na wazungu wana abjadi zao msidhani sie peke yetu. Nilifanya kazi jikoni na Mtaliano wa Napoli, kwao kuna kitabu kabisa kinaitwa Smorfia, kila ndoto ina namba yake kuanzia 1 mpaka 90. Ukiota maiti ni 47, maiti akisema na wewe 48, khofu ni 90. Nikamuuliza maiti akinyamaza kwanza halafu akasema je? Akakasirika. Bibi yako na changu wake angepatana nae sana.

Lakini mie nataka kukwambia jambo la Ali wa Fatma kujaa kama dagaa, hapo umesema mwenyewe bila kujua. Huku tarehe 14 Januari 1995 jakipoti ya paundi milioni 16 ilishindwa na watu 133 kwa mpigo, wote wamechagua namba zile zile sita, kila mtu akaondoka na paundi laki moja na ishirini na mbili elfu na kitu. Si haba lakini mtu alishajiona tajiri wa milioni 16! Na Marekani mwaka 2005 mwezi wa Machi watu 110 walipata zawadi ya pili ya bahati nasibu yao ya Powerball siku moja, waendeshaji wakadhani wameibiwa, kumbe zile biskuti za mikahawa ya Kichina zenye kijikaratasi ndani, kiwanda kilichapisha namba moja kwa maelfu ya watu. Kila aliyekula akadhani kaoneshwa yeye. Sasa karatasi ya kashata ya mzee wako ina tofauti gani? Ma-Ali wa Fatma wote wa Unguja na Pemba wakienda kwa mzee yule wanatoka na 245.

Hesabu_Haidanganyi
Kwa mchezo wa tarakimu tatu kugawana pengine si tatizo, kama zawadi ni kiasi maalum kila mtu analipwa chake. Tatizo lako ni hilo neno "inakaribia". Kutoka 000 mpaka 999 zipo namba 1000, kila droo 245 ina nafasi moja kati ya 1000, jana ivo ivo leo ivo ivo. Ile 254 haikuwa jirani, kwa mashine 254 na 871 ziko mbali sawasawa na yako. Hata ukituma mara 1000, yaani laki tano taslimu, bado uwezekano wa kutoka kapa kabisa ni kama asilimia 37. Na Wataliano hao hao wa Smorfia waliisubiri namba 53 kwenye droo ya bahati nasibu ya Venezia karibu miaka miwili, kila droo watu wanaongeza pesa wanasema sasa lazima, watu wakamaliza akiba zao. Ilitoka Februari 2005 ilipotaka.

BiMkubwa_Kwerekwe
Nyote mnapiga mahesabu hamna hata mmoja alomwambia mtoto huyu. We Ali, jina la mamaako unaliweka hadharani? Mtu mbaya akitaka kukufanyia kitu anataka nini chengine zaidi ya jina lako na la mamaako? Sie enzi zetu mtu akikuuliza "mama ako anaitwa nani" unamjibu "anaitwa mama". Na huyo mzee wa kahawa unamjua kwao wapi?

PwezaForodhani
Shikamoo bi mkubwa. Kwao simjui kusema kweli, najua anakunywa kahawa bila ya kashata. Nimempelekea habari ya 640 leo jioni, kanyamaza muda mrefu halafu kasema inategemea mama alizaliwa mchana au usiku. Nikampigia mama kumuuliza, akasema "usiku, kwani nani anauliza?" nikakata simu.

Wasimamizi naomba mfute jina la mama kule juu. Namba iacheni, ya leo nshatuma.