Paipu ya maji inahama chini ya bahari, nisaidieni

Asalaam aleikum wakuu, niko Lamu. Tumelaza paipu ya plastiki ya milimita 63 kuvuka mkondo kupeleka maji matamu kisiwa cha Manda, sasa shida hiyo plastiki ni nyepesi kuliko maji ya bahari, hata ikijaa maji bado yataka kuelea. Tulifunga magunia ya mchanga, bamvua (maji makubwa ya mwezi) likaja likachimba chini yake, sehemu zingine inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. (Nanga za mashua nazo, wacha tu.) Nafikiria vizito vya zege, ila zege la kilo 10 likizama baharini linabaki kama kilo 6 hivi. Je, niviweke kila baada ya mita ngapi? Na kuifukia kunasaidia kweli ama mkondo utaifukua tena?