Tufundisheje mbinu ya kisayansi bila kuigeuza kuwa hatua za kukariri?

Mwalimu wa Ujiji

Walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha Baiolojia na Kemia Kidato cha Kwanza hapa Kigoma, na kila mwaka tunaanza na mada ileile. Ninaandika ubaoni: kubaini tatizo, kuunda nadharia tete, kufanya jaribio, kukusanya na kuchanganua data, kutoa hitimisho. Wanafunzi wananakili, na mtihani ukija wanazitaja hatua zote kwa mpangilio bila kukosea.

Mwaka huu msichana mmoja aliniuliza swali ambalo bado sijalijibu vizuri. Tulikuwa tunamzungumzia Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, aliyefika Gombe Julai 1960 na ambaye, ilipofika Novemba, alimwona sokwe mtu aliyempa jina la David Greybeard akichomeka unyasi kwenye kichuguu na kuuchomoa ukiwa na mchwa. Mwanafunzi akasema: "Mwalimu, nadharia tete ya huyu mama ilikuwa ipi, na jaribio lake lilikuwa lipi?" Nilimjibu kwamba alikuwa katika hatua ya uchunguzi, lakini nilijua kwamba ninalazimisha. Goodall hakupanda milima ile ili kupima kama sokwe hutengeneza zana. Wataalamu wa wakati huo walishika kwamba kutengeneza zana ni sifa ya binadamu peke yake, na yeye alikaa akitazama kwa miezi mpaka akaona jambo ambalo hakulitarajia. Je, nimwambie mtoto huyu kwamba hatua zile si za kweli? Na nikishamwambia hivyo, nimpe nini badala yake?

Mwalimu wa Fizikia, Tabora

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi wako ana haki ya kupata jibu kamili. Hatua tunazozifundisha hazikutokana na kuwafuatilia wanasayansi wakiwa kazini. Mwaka 1910 mwanafalsafa wa Marekani John Dewey aliandika kuhusu namna mtu yeyote anavyofikiri anapokutana na jambo linalomtatiza, akaeleza vipengele vitano vya fikra hiyo. Vitabu vya shule vilivyofuata ndivyo vilivyochangia kuvigeuza vipengele vile kuwa kanuni ya kufuatwa moja baada ya nyingine, kana kwamba kila ugunduzi ulipatikana hivyo.

Hata hivyo, nakusihi usizifute hatua hizo. Zinafaa sana kama mpangilio wa kuandika ripoti, kwa sababu humlazimisha mwandishi aseme alichouliza, alichofanya na alichopata, ili mwingine aweze kumkagua. Ninachowaambia wanafunzi wangu ni kwamba huo ni utaratibu wa kueleza kazi ikishafanyika. Njia ya kuifikia huwa na kona nyingi.

Badala ya hatua mimi huanza na kisa cha hapa Tabora. Mwaka 1858 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walirudi kutoka Ziwa Tanganyika wakapumzika Kazeh, mahali ambapo ndipo Tabora ya leo. Burton akabaki, na Speke akaelekea kaskazini. Tarehe 3 Agosti aliliona Ziwa Nyanza (Viktoria) kutoka upande wa kusini, akarudi akisema kwamba amepata chanzo cha mto Nile. Alikuwa amekisia mwinuko wa ziwa kwa kupima joto ambalo maji huchemkia, na alikuwa amesikia habari za wafanyabiashara waliokuwa wakikaa Kazeh. Hakulizunguka ziwa, wala hakuuona mto ukitoka. Burton alimpinga, na kwa ushahidi uliokuwapo siku ile alikuwa na hoja. Mwaka 1862 Speke aliuona mto ukitoka ziwani, mahali palipo Jinja ya leo, na mwaka 1875 mpelelezi mwingine, Stanley, akalizunguka ziwa lote kwa mashua na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja.

Hapo ndipo ninapowauliza: mwaka 1858 Speke alistahili alama ngapi? Darasa hugawanyika vibaya. Wengi humpa zote kwa kuwa jibu lake lilikuja kuwa sahihi, na ninatumia kipindi kizima kuwaonyesha kwamba usahihi wa hitimisho na uzito wa ushahidi ni vitu viwili tofauti. Mtoto akishalielewa hilo, ninaona ameelewa sehemu kubwa ya yale ambayo wanafalsafa wa sayansi wameyaandikia vitabu vizima.

Mzee wa Mwalo

Wanangu, mimi si mwalimu. Nimefanya kazi miaka mingi ya kuandika takwimu za samaki katika mialo ya Kigoma, na sasa nimestaafu. Kisa cha Tabora ni kizuri, lakini ziwa letu lina kikubwa zaidi.

Swali la zamani lilikuwa hili: maji ya Tanganyika hutoka ziwani kupitia wapi? Burton alipogombana na Speke alianza kushikilia kwamba mto Rusizi hutoka ziwani kuelekea Nile, ingawa mwaka 1858 wenyeji walikuwa wamewaambia wazi kwamba mto ule unaingia. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini, wakaukuta unaingia. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Nawaomba msiruke kipande hicho, kwa sababu ushuhuda wa anayeishi na jambo ni ushahidi unaostahili kupimwa kama ushahidi mwingine wowote.

Kisha likaja suala la mto Lukuga, upande wa Kongo. Mwaka 1874 mpelelezi Cameron alisema maji ya ziwa yanatoka kupitia huko. Mwaka 1876 Stanley alifika akakuta matete na matope, na hakuna mkondo wa kueleweka. Msomaji wa kawaida angesema mmoja wao alikosea. Lakini Stanley aliangalia jinsi maji yalivyokuwa yakipanda ufukweni, akatabiri kwamba ziwa likiendelea kujaa litakizibua kizuizi kile. Mwaka 1879 Hore, mmisionari aliyekuwa akikaa Ujiji, alifika akakuta mto unakwenda kwa nguvu, na baada ya hapo kina cha ziwa kikashuka kwa mita kadhaa. Jambo lenyewe lilikuwa linabadilika, na kila mtu aliona sura yake ya siku ile. Watoto wa Kigoma ambao wameona kwa macho yao maji yakimeza gati na nyumba za ufukweni miaka hii ya karibuni hawatahitaji kubembelezwa ili waelewe.

Mwalimu wa Ujiji, ukitaka wafanye uchunguzi wao wenyewe, wapeleke mwaloni Kibirizi wakaulize kwa nini dagaa hupungua wakati wa mbalamwezi.

Mwalimu wa Ujiji

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Nimeanza kulipanga hilo la dagaa. Wanafunzi wataandika mapato ya kila asubuhi kwa mwezi mmoja, tangu mwezi mwandamo hadi mwandamo mwingine, na kabla ya kuanza kila kundi litaandika ni matokeo gani yatakayowafanya waiache dhana yao. Kundi moja linadai kwamba dagaa huzama chini zaidi usiku wenye mwanga. Jingine linadai kwamba wako palepale, ila taa ya mvuvi haiwavuti kwa kuwa mwezi umeishinda. Bado sijaona namna ya kuzitenganisha dhana hizi mbili kwa takwimu za mwaloni peke yake. Yule msichana nimemwambia ukweli, kwamba Goodall hakuanza na jaribio, akaniuliza kama naye anaweza kwenda kutazama tu kwanza. Nimemruhusu.

Mzee wa Mwalo

Marahaba, mwanangu. Kwa takwimu za mwaloni hamtazitenganisha. Mtahitaji kuongea na wavuvi kuhusu kina wanachoshushia nyavu, na hata hapo jibu litakuwa la kukisia. Waambie watoto hivyo mapema ili wasije wakalazimisha hitimisho. Jambo jingine: siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hawaingii majini kabisa, wanashona nyavu. Mkihesabu ndoo za dagaa peke yake mtaona sifuri na kudhani ziwa halina samaki, kumbe hakuna aliyekwenda kuwatafuta. Kila asubuhi wahesabu mitumbwi iliyotoka usiku, wagawanye mapato kwa idadi hiyo, na usiku ambao hakuna mtumbwi uliotoka waache nafasi ile wazi kwenye daftari, wasiandike sifuri.